Askofu Frank Weston na Wapagazi wa Vita

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huwakumbuka mashujaa wake. Leo nawaletea habari za askofu aliyetembea na watu ambao kwa muda mrefu hawakuhesabiwa kuwa mashujaa.

Frank Weston alizaliwa London mwaka 1871, akafika Unguja mwaka 1898 na misheni ya UMCA. Alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akawekwa kuwa Askofu wa Zanzibar. Sisi tuliolelewa na CMS hatukuwa wa namna yake: mwaka 1913 aliwashitaki hata maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa uzushi!

Mwaka 1916 Waingereza walitaka wanaume wa Unguja wakabebe mizigo ya jeshi huku bara. Weston alikubali kuwaongoza mwenyewe, akapewa cheo cha meja. Alikwenda nao kwa miguu, akiangalia chakula chao na wagonjwa wao, maana wapagazi waliuawa na njaa, homa na kuhara kuliko risasi. Hesabu za serikali zenyewe zilikiri vifo zaidi ya 40,000. Huku Ugogo majeshi yote mawili yalichukua watu, ng'ombe na nafaka, ikafuata njaa ile ya Mtunya.

Vita vilipokwisha, aliandika mwaka 1920 kuwapinga Waingereza wenzake kwa kuwalazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi. Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Mwaka 1927, mwaka uleule ilipoanzishwa dayosisi yetu, sanamu ya Askari ilizinduliwa Dar es Salaam. Ameshika bunduki, mpagazi hayupo. Sanamu ya Nairobi ya mwaka 1928 ilimweka mpagazi pamoja na askari, lakini kwetu aliachiwa jina la Kariakoo tu, palipokuwa na kambi yao. Nami darasani nilifundisha habari za askari yule miaka mingi, na Kariakoo nikaitaja kama soko.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kutoandika majina ya Waafrika wengi waliokufa. Majina mengine hayakuandikwa popote. Mwenye jina la babu aliyebeba mizigo ile, tafadhali alilete kwa katibu wa parishi kabla ya Novemba, lisomwe kanisani.