Carl Gustav Jung: Msafiri wa Nafsi Aliyefika Mlima Elgon

Mji wa Eldoret, ambao mtaa wa Huruma ni sehemu yake, ulijulikana kwa tarakimu kabla ya kujulikana kwa jina. Ulikuwa 64, nambari ya shamba ambamo posta ilijengwa mwaka wa 1910, na ndimi za wenyeji zikaigeuza tarakimu hiyo kuwa Sisibo. Mwishoni mwa mwaka wa 1925, daktari mmoja Mswisi mwenye umri wa miaka 50 aliteremka garimoshi kwenye kituo cha mwisho wa reli, kituo ambacho baadaye alikiandika kuwa Sigistifour. Mkazi wa Huruma hahitaji mkalimani ili kuusikia mwangwi wa 64 katika jina hilo. Daktari huyo alikuwa Carl Gustav Jung.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875 katika kijiji cha Kesswil, Uswisi. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa aliyeteswa na shaka kuhusu imani yake mwenyewe, na mwana huyo alikua akijiuliza ni kitu gani kilicho ndani ya mtu ambacho mahubiri hayakifikii. Alisomea udaktari mjini Basel, kisha mwaka wa 1900 akaajiriwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, Zürich. Huko aliwatajia wagonjwa maneno mbalimbali na kupima muda waliochukua kujibu. Aligundua kwamba mahali mtu aliposita ndipo palipofichika jeraha.

Utafiti huo ulimkutanisha na Sigmund Freud mjini Vienna mwaka wa 1907, na inasimuliwa kwamba mazungumzo yao ya kwanza yalidumu saa 13. Freud alimwona kuwa mrithi wake. Hata hivyo, urafiki wao ulivunjika mwaka wa 1913. Freud alishikilia kwamba ung'amuzi bwete ni ghala la matamanio yaliyokandamizwa tangu utotoni, hasa ya kijinsia. Jung naye alidai kwamba chini ya ghala hilo la mtu binafsi kuna tabaka la pamoja, linalorithiwa na wanadamu wote na kujidhihirisha kwa vikale: mama, mzee mwenye hekima, kivuli, shujaa. Kilele cha vikale hivyo ni Nafsi, yaani ukamilifu ambao mtu huutafuta maishani mwake mwote.

Mwaka huohuo wa 1913, John B. Watson alitangaza nchini Marekani kwamba saikolojia haina haja na nafsi wala ndoto. Akifuata njia iliyofunguliwa na Mrusi Ivan Pavlov na mbwa wake, alisisitiza kwamba kinachostahili kuchunguzwa ni tabia inayoonekana, nayo hutokana na vichocheo vya mazingira. Baadaye B. F. Skinner alieleza jinsi tuzo inavyoiimarisha tabia. Kwa wanautabia hawa, mtoto wa Huruma huzungumza lugha ya mamake nyumbani, Kiswahili shuleni na Sheng barabarani kwa kuwa kila mahali pana tuzo yake. Jung angeuliza swali jingine: mtoto huyo huota kwa lugha gani?

Kutoka Sigistifour, Jung na wenzake, Peter Baynes na George Beckwith, walisafiri kwa gari hadi Kakamega, kisha wakaenda kwa miguu pamoja na wapagazi kuelekea Mlima Elgon. Walipiga kambi miongoni mwa watu aliowaita Elgonyi, ambao ni sehemu ya jamii ya Wasabaot. Kila siku kulifanyika kikao kilichoitwa shauri. Jung alizungumza Kiswahili cha kubabaisha, kamusi ndogo mkononi, na ndicho kilichomfungulia mlango. Siku alipotaja mizimu, baraza zima lilinyamaza na shauri likafungwa. Mpima maneno wa Zürich alikuwa amekutana na kusita kwa halaiki.

Mambo mawili yalimgusa zaidi. La kwanza ni kwamba alfajiri watu walitoka vibandani, wakatemea au kupulizia viganja vyao, kisha wakavielekeza kwenye jua lililokuwa likichomoza. Alipouliza kama jua ni Mungu, walimcheka. Wakamweleza kwamba jua lililo juu angani si Mungu. Ni lile linalochomoza tu. Neno walilotumia, aliloliandika adhista, linafanana na Asista, jina ambalo Wakalenjin hulitumia kwa jua na kwa Mwenyezi. Mwanautabia angeliona tendo hilo kama mazoea yaliyofunzwa na wazazi. Freud angeliona kama haja ya mtoto kwa babake. Jung aliona nafsi ikiitamani nuru baada ya giza.

La pili ni machozi. Mganga mmoja mzee alimweleza kwamba hapo zamani waganga waliota kuhusu vita, maradhi na mvua. Tangu wazungu waje, hakuna aliyeota tena, kwa maana Waingereza walijua kila kitu. Jung alielewa kwamba serikali ya kikoloni ilikuwa imekalia kiti cha ndoto.

Hata hivyo, Jung hakuepuka maradhi ya zama zake. Aliwahesabu Wasabaot kuwa watu wa asili, kana kwamba waliishi katika jana ya Mzungu na si katika leo yao wenyewe. Alipoota kuhusu kinyozi mweusi wa Marekani akimsokota nywele, alifasiri ndoto hiyo kuwa onyo kwamba Afrika ilikuwa karibu kummeza. Frantz Fanon, katika kitabu chake cha mwaka wa 1952, alimsahihisha vikali: hicho kiitwacho ung'amuzi bwete wa pamoja hakirithiwi katika damu bali hufunzwa na utamaduni, na utamaduni uliomfunza Jung ulikuwa umemtwika mtu mweusi mzigo wa kivuli. Hapo mjadala wa kurithi na kujifunza uligeuka kuwa mjadala wa haki.

Jung alirejea Ulaya mwaka wa 1926 kupitia Uganda, Sudan na Misri. Alifariki tarehe 6 Juni 1961 huko Küsnacht, na kumbukumbu zake zenye sura ya safari hiyo zikachapishwa mwaka uliofuata. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika kisa hiki, mgeni ndiye aliyekuja kutafuta uponyaji na kuupata. Mzee aliyempa shauri alibaki mlimani na machozi yake, na jina lake halikuandikwa.