Alfred Büchi na Pumzi ya Lori

Mara nyingi katika gazeti letu tunasoma habari za wafalme na majemadari. Muhula huu napenda kuwasimulia wasomaji habari za mhandisi mmoja, maana malori yapandayo vilima kati ya Kasulu na Kibondo, yakiwa yamejaa maharage na mahindi, hupanda kwa akili yake.

Bwana Alfred Büchi alizaliwa tarehe 11 Julai, 1879, katika mji wa Winterthur, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mmoja wa wakubwa wa kiwanda cha mitambo cha Sulzer, basi kijana alikua karibu na injini. Alisoma uhandisi katika chuo cha ufundi cha Zürich, akamaliza mwaka 1903, kisha akafanya kazi Ubelgiji na Uingereza.

Jambo moja lilimsumbua. Aliona kuwa sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hutoka bure pamoja na moshi. Akawaza kwamba moshi huo uzungushe gurudumu dogo lenye mapanga, na mhimili wake uzungushe gurudumu la pili, lishindilie hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, mafuta mengi zaidi huweza kuungua vema, na nguvu huongezeka. Chombo hicho ndicho madereva wetu wakiitacho tabo. Alipata hati ya uvumbuzi huo mwaka 1905, akiwa na umri wa miaka 26.

Lakini hati si injini. Mtambo alioujaribu mwaka 1915 haukufaulu. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka 1925, miaka 20 tangu apate hati, nguvu ya injini ya dizeli iliongezeka kwa kama asilimia 40. Meli za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilikuwa za kwanza kufaidi. Mwaka 1938 kiwanda cha Saurer cha Uswisi kilitia tabo katika injini ya lori. Bwana Büchi alifariki Winterthur mwezi wa Oktoba, 1959, akiwa na miaka 80.

Habari hizi nilizitafuta kwa sababu. Likizo iliyopita nilisafiri na baba mdogo katika lori lake, tukipeleka maharage Kibondo. Faida ya safari ile ndiyo ingeninunulia madaftari na godoro la bweni. Tulipokuwa kilimani tulisikia mlio kama wa puto lipasukalo, moshi mweusi ukatanda, na lori likaishiwa nguvu. Mpira upelekao hewa kutoka kwenye tabo ulikuwa umechomoka, kwa kuwa klipu yake ilikwisha kulegea, nasi tulikuwa tumeufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Tulilala njiani. Tulipofika, mnunuzi alikwisha kujaza gari kwa maharage ya wengine, nasi tukauza kwa hasara.

Fundi aliyetusaidia alinionyesha kazi yenyewe. Kwanza mpira utazamwe kama una nyufa, au kama umelainika kwa oili. Ukiwa hivyo, ubadilishwe. Ncha za bomba zifutwe hata zikauke. Klipu ikae sawasawa, isiwe ukingoni kabisa, wala isikazwe kupita kiasi ikaukata mpira. Tena akanionya juu ya mpira utokao kwenye chujio la hewa kwenda kwenye tabo: huo ukivuja, gari hutembea bado, lakini hufyonza vumbi letu jekundu, nalo hula mapanga ya tabo na injini polepole.

Hata klipu ya skrubu ina mwenyewe: Commander Lumley Robinson, Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la maji, alipewa hati yake mwaka 1921. Basi kazi ya Büchi ya miaka 20 huweza kushindwa kilimani kwa kukosa kitu kidogo cha mwenzake.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, mtihani wetu u karibu. Mimi nilianguka Fizikia katika jaribio la muhula uliopita, nikadhani si somo langu. Sasa nimeanza upya, tangu sura ya kwanza. Na kila siku ya kufunga shule, kabla ya kupanda lori la baba mdogo, nitafungua boneti nishike klipu kwa mkono wangu.