Kiswahili cha Siti binti Saad

Huku Kibirichia, chini ya Mlima Kenya, mwalimu wa Kiswahili hakosi kuambiwa na wanafunzi wake kwamba lugha hii ina wenyewe, nao wako pwani. Kwa kuwa nyumbani wanazungumza Kimeru, wanajihesabu kuwa wageni wa Kiswahili daima. Ningependa wasimuliwe habari za Siti binti Saad.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka wa 1880, akaitwa Mtumwa, jina lililotangaza hali ya wazazi wake. Baba alikuwa Mnyamwezi, mama Mzigua. Hakujua kusoma wala kuandika. Alifinyanga vyungu akavitembeza akivinadi, na sauti yake ikamtangulia kokote alikokwenda. Mwaka wa 1911 alihamia mjini, ambako Ali Muhsin, mpiga udi, alimfunza uimbaji.

Siku hizo taarab ya majumba ya wakubwa iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiarabu pia, lakini sifa aliipata kwa Kiswahili cha mitaani. Hakuishia kwenye mapenzi. Katika wimbo wake kuhusu Kijiti, mwuaji anatoroka na wanaoadhibiwa ni mashahidi. Sijui hukumu ya mahakama ya kikoloni iliyosutwa kwa ufasaha kuliko hiyo. Wapinzani walipomkejeli kwa sura yake na kwa ufinyanzi, aliwajibu kwa wimbo kuwa uzuri si kitu mbele ya akili.

Mwaka wa 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, naye hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Mwaka huohuo, mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi wanaisimu huwafundisha vijana habari za mkutano huo, tena kwa kirefu, tukamsahau mfinyanzi ambaye santuri zake ziliifanya lahaja hiyo ipendwe na watu wasiowahi kufungua kitabu cha sarufi. Nadhani hatujawatendea haki wanafunzi wetu.

Siti alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alizuriwa na Shaaban Robert, aliyeandika wasifu wake. Mwandishi huyo, ambaye Kiswahili chake tunakitungia mitihani, naye alikuwa wa ukoo wa Kiyao.