Bakhita katika Nyumba ya Wakatekumeni

Ndugu wakatekumeni, wengi wenu mmekwisha kulisikia jina la Bakhita. Lakini si jina alilopewa na wazazi wake. Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, huko Sudan. Alipokuwa mtoto wa miaka kama minane, wezi wa watu walimnyakua, na hofu ikamshika hata akasahau jina lake. Wao ndio waliomwita Bakhita, maana yake mwenye bahati. Tazameni dhihaka hiyo!

Aliuzwa mara nyingi. Siku moja alitoroka pamoja na mtoto mwenzake. Wakashikwa njiani, wakafungwa tena. Katika nyumba ya mkuu mmoja wa askari wa Kituruki alichanjwa mwili kwa wembe, chale 114, na chumvi ikasuguliwa ndani ya vidonda.

Mwaka 1883 alinunuliwa huko Khartoum na Callisto Legnani, mjumbe wa serikali ya Italia, ambaye hakumpiga. Mwaka 1885 akamchukua mpaka Italia, kisha akawapa watu wa nyumba ya Michieli, kama mtu atoavyo zawadi. Kazi yake ikawa kumlea mtoto wao, Mimmina. Hapo hakupigwa, lakini alikuwa bado mtu wa kupewa na kupokewa.

Mwaka 1888 Bibi Michieli alisafiri kwenda Suakin, ambako mumewe alikuwa na hoteli. Akamwacha Bakhita na mtoto kwa masista wa Canossa huko Venezia, katika nyumba ya wakatekumeni. Tangu utotoni Bakhita alikuwa akilitazama jua na nyota na kujiuliza Bwana wake ni nani. Sasa akaanza kufundishwa, kama ninyi.

Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa. Fikirini: hakuwa na baba, wala ndugu, wala fedha, na nchi ilikuwa ngeni. Hakumtukana bibi. Alimpenda, na kuachana na Mimmina kulimwumiza moyo. Hata hivyo hakuondoka, asije akampoteza Mungu aliyekwisha kumjua. Bibi akamwita asiye na shukrani. Shukrani! Neno hilo wenye mali hulikumbuka upesi sana.

Shauri likafika mbele ya Patriarka wa Venezia na wakili wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 ikaamuliwa kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa; basi Bakhita yu huru, akae apendapo. Akakaa palepale.

Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890, akaitwa Giuseppina Margherita Fortunata. Na Fortunata kwa Kilatini ndiyo Bakhita kwa Kiarabu, ndiyo bahati kwa lugha yetu. Jina la wale wezi halikutupwa, lilioshwa. Baadaye watu walimwona mara nyingi akikibusu kisima kile cha ubatizo.

Aliweka nadhiri za usista mwaka 1896. Huko Schio alipika, alishona, akawafungulia watu mlango kwa miaka mingi. Katika homa ya mwisho alimwomba mwuguzi amlegezee minyororo, kwani ilikuwa mizito. Alikufa tarehe 8 Februari 1947, naye Papa Yoane Paulo II akamtangaza Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.