Az-Zahrawi, Bingwa wa Vyombo vya Upasuaji

Goti langu la kulia liliponikatalia kukaa tahiyatu, nilivumilia kwa mafuta na kukandwa karibu mwaka mzima. Mwishowe nikakubali kupasuliwa. Gegedu, yaani ile tandiko laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, lilikuwa limechanika, na vipande vyake vikazurura gotini na kulikwamisha kila nilipochutama. Kwa kuwa nilimsumbua daktari kwa maswali, alinionyesha vyombo vyake kabla ya siku yenyewe: kikoleo chenye mdomo wa kung'ata, kijiko kidogo chenye ukingo mkali wa kuparia, na mrija mwembamba wenye wembe unaozunguka ndani, ukikata na kufyonza papo hapo.

Kile kijiko nilikitazama kwa muda. Ndugu yake nilikuwa nimekwisha kumwona katika picha za kitabu kilichoandikwa yapata miaka elfu iliyopita.

Mwenye kitabu ni Abul Qasim Khalaf bin Abbas az-Zahrawi. Jina hilo la mwisho latokana na Madinat az-Zahra, mji wa kifalme ambao Khalifa Abdurrahman wa Tatu alianza kuujenga mwaka 936, karibu na Qurtuba katika Andalusi, nchi ambayo leo ni Hispania. Waandishi wa tarehe za wanazuoni wa huko walimtaja kwa mistari michache tu, ijapokuwa Ibn Hazm, aliyekuwa mkali wa kukosoa, alikisifu kitabu chake. Kitabu hicho, At-Tasrif, kina makala 30. Nyingi zahusu maradhi na dawa. Ya mwisho ndiyo ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: kuchoma kwa moto, kupasua, kutoa damu na kuumika, na kuunga mifupa pamoja na kurudisha viungo vilivyoteguka.

Kilichomsukuma kuandika ni hasira, kwa maoni yangu. Aliona kazi ya mkono imekufa katika nchi yake na kubaki kwa wajinga. Anasimulia habari ya tabibu aliyempasua mwanamke uvimbe wa shingo bila kujua mishipa ilipo, naye mwanamke akavuja damu mpaka akafa mbele yake. Mwingine alimtoa mzee jiwe la kibofu, akalivuta pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakuchukua siku nyingi. Az-Zahrawi ndiye aliyeitwa kwanza kwa mzee huyo, naye aliona kwamba jiwe ni kubwa na mgonjwa dhaifu.

Basi akachora. Michoro yapata 200 ya visu, koleo, kulabu, misumeno na vyombo vya kuparia mifupa, kila kimoja na maelezo ya kazi yake, ili fundi wa mbali aweze kukifua na tabibu asibahatishe. Katika mlango wa kutoa mifupa iliyooza, anaonyesha misumeno mikubwa na midogo, patasi, na vyombo vya kupara: kipana, chembamba, kilichopinda ncha, na kingine kilichochimbwa tumbo. Mifupa haifanani, asema, na ugonjwa wenyewe ndio utakaokuonyesha chombo unachohitaji.

Sisemi kwamba alipara gegedu la goti. Kazi hiyo ya kufungua kiungo ilingojea dawa za usingizi na usafi wa karne ya 19, na wapo wanaompachika mzee wetu kila uvumbuzi, jambo ambalo halimwongezei heshima.

Aliyoyafanya hasa yatosha. Aliletewa kijana wa miaka 30 hivi, mguu umejaa matundu yanayotoa usaha, matabibu wamemchezea kwa muda wa miaka miwili, rangi imekuwa manjano. Az-Zahrawi alitia chuma chembamba katika tundu moja kikagonga mfupa, kisha akagundua kwamba matundu yote yakutana ndani. Akapasua, akakuta mfupa umeoza na kuwa mweusi, akaukata kwa msumeno. Alidhani amemaliza. Kidonda hakikufunga. Akarudi, akakuta uozo zaidi, akakata tena, na tena, mpaka akawa ametoa mfupa wa kiasi cha shubiri moja. Hakuumaliza kwa siku moja kwa sababu kijana alikuwa akizimia, naye alichelea kumwua. Nyama ngumu ikaota mahali pa mfupa, na kijana akatembea bila taabu.

Zingatia kwamba alikiri waziwazi ya kuwa mara ya kwanza alikosea kudhani amemaliza. Waganga wangapi huandika hivyo?

Alifariki baada ya mwaka 400 wa Hijra, wakati Andalusi ikiraruliwa na fitina. Madinat az-Zahra iliporwa na kuharibiwa mnamo 1010. Kitabu kikasalimika. Gerard wa Cremona alikitia katika Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, Guy de Chauliac wa Ufaransa akakitegemea katika kitabu chake cha 1363, na kikapigwa chapa Venice mwaka 1497. Mwaka 1973 ilitoka London tafsiri ya Kiingereza pamoja na Kiarabu chake, na humo ndimo nilimoziona zile picha.

Niliporudi kuondolewa nyuzi nilimchukulia daktari ukurasa wa vyombo vya kupara. Akaulaza mezani, akaweka kijiko chake juu ya mchoro, akaufuata ukingo wake kwa kidole. Goti nalo sasa lakunja, ila tahiyatu ya mwisho bado naikalia kitini.