Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Mwaka 1886 Baba Mtakatifu Leo XIII aliwatangaza Mtakatifu Kamilo wa Lellis na Mtakatifu Yohane wa Mungu kuwa wasimamizi wa wagonjwa wote na wa hospitali zote. Mwaka huo huo, katika kisiwa cha Malta, kijana mmoja Mwafrika alikuwa akijifunza kazi ya uganga. Jina lake Adrian Atiman. Kanisa halikumwandika katika hesabu ya watakatifu. Lakini watu wa Ziwa Tanganyika walimwona kwa macho yao akiifanya kazi ya watakatifu hao wawili, nao walimwona kwa muda wa miaka sitini na saba.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, alikamatwa na wezi wa watu, akavushwa jangwa la Sahara, akafikishwa Algeria. Jangwa lile ni safari ya majuma mengi juu ya mchanga, na watoto wengi waliochukuliwa hivyo hawakufika. Yeye alifika. Huko Mapadri Weupe wakamkomboa kwa fedha, wakamlea na kumfundisha dini, naye akabatizwa na kupewa jina la Adrian.

Wakati huo Askofu Mkuu wa Alger alikuwa Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, na ambaye mwaka 1882 alifanywa Kardinali. Yeye aliona kwamba wamisionari wa Ulaya wanakufa upesi kwa homa katika nchi za maziwa, na kwamba mgeni hukaa siku nyingi kabla hajaaminiwa. Basi akakusudia kuwafanya baadhi ya vijana waliokombolewa kuwa waganga na makatekista pamoja: wajue elimu ya Wazungu, lakini waishi kama watu wa nchi, waoe huko, wale chakula cha huko. Mwaka 1881 alifungua nyumba ya masomo Malta kwa ajili yao. Shauri hili lilikuwa la hekima; hata hivyo yafaa kukumbuka kwamba lilitungwa na wengine juu ya watoto ambao walikuwa wamekwisha kuamuliwa mambo yao mara nyingi mno.

Atiman alisoma Malta hata mwaka 1888. Mwaka huo ndio Kardinali Lavigerie alipozunguka Paris, London na Brussels akihubiri juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Naye Atiman akatumwa Ziwa Tanganyika. Kwa kijana mwenye ujuzi kama wake, pwani ilikuwa na miji, na Malta ilikuwa na starehe. Yeye akashuka Unguja, akafuata njia ya misafara kwenda bara. Fikirini njia ile ilikuwa njia gani: ndiyo iliyopitishwa watumwa kutoka maziwani, shingoni wana panda za miti. Mtoto aliyeuzwa upande mmoja wa Afrika sasa alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na sanduku la dawa, kuelekea huko ambako wengine walikuwa wakiuzwa bado.

Alifika Karema mwaka 1889. Karema ilikuwa boma lililojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia Mapadri Weupe mwaka 1885, kama walivyowaachia Mpala, upande wa pili wa ziwa. Kaskazini hakukuwa na amani. Rumaliza, bwana wa Ujiji, alikuwa akipeleka watu wake Uvira na bonde la Ruzizi, nao wakateka vijiji na kuviteketeza. Misioni ya Kibanga, kusini mwa Uvira, iliyoanzishwa mwaka 1883, iliwakusanya wengi waliookolewa katika vita hivyo, kisha ikaachwa mwaka 1893. Huko Mpala, Kapteni Joubert alisimama na bunduki kuwalinda Wakristu. Atiman hakuja na bunduki. Baadhi ya wenzake wa Malta walipewa kazi upande wa Kongo. Yeye akabaki Karema.

Akaoa mke wa nchi hiyo, Agnes Wansahira, wa ukoo wa watawala wa Wabende. Ndoa hii ndiyo iliyomfanya mwenyeji. Kabla yake alikuwa mtu aliyetoka mbali, asiye na mjomba wala shemeji. Baada yake alikuwa na jamaa, na mtu mwenye jamaa huingia nyumba ye yote bila kuogopwa. Mwana wao Joseph akapewa upadri mwaka 1923. Baba aliyenunuliwa kwa fedha akamwona mwanawe akisimama altareni. Na furaha hiyo haikuandaliwa na mtu ye yote huko Malta.

Kazi yake ya kila siku yaweza kusimuliwa kwa maneno machache, kwa kuwa ilikuwa ile ile: vidonda, homa, macho, uzazi mgumu, watoto wa kuhara, na kwa mgonjwa aliyekaribia kufa, mafundisho na Ubatizo, kama atakavyo. Lakini kulikuwa na siku ambazo elimu yote haikutosha. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ugonjwa wa malale uliziharibu pwani za ziwa letu. Vijiji vizima vilihamishwa viondoke penye mbung'o. Dawa haikuwepo, na ile ya kwanza, aliyoijaribu Profesa Koch katika visiwa vya Sese mwaka 1906, iliwapofusha baadhi ya wagonjwa. Mganga wa ziwani miaka ile alijua jina la ugonjwa, alijua na mwisho wake, akakaa karibu na kitanda asiwe na zaidi cha kutoa. Huenda huo ndio uganga ulio mgumu kuliko wote.

Utawala ukabadilika mara kwa mara juu ya Karema: Wadachi, kisha Wabelgiji katika vita ya 1914–1918, kisha Waingereza. Mganga hakubadilika. Mwaka 1946 maisha yake, aliyoyaeleza mwenyewe, yalichapwa katika jarida la Tanganyika. Ndiyo sababu utoto wake unajulikana, wakati habari za maelfu ya watoto wa misafara ile zimepotea.

Alikufa Karema mwaka 1956, umri wake karibu miaka tisini, akazikwa huko huko. Tangu alipofika mwaka 1889 hakuwa na kituo kingine cha kazi. Huko Sumbawanga hospitali ya Kanisa inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wanaofika humo asubuhi husema tu kwamba wanakwenda kwa Atiman.