Mzaliwa wa Kiganjo aliyerukia kifaru

Toka hapa Makutano, Meru, panda matatu ya Nanyuki, pita Timau, endelea hadi Naro Moru, na baada ya hapo unafika Kiganjo. Najua unachowaza: makurutu wa polisi. Sasa weka hao kando kidogo. Tarehe 1 Januari 1913, hapo Kiganjo alizaliwa kijana anayeitwa Nigel Gray Leakey.

Eeh, Leakey wa wale wale. Louis Leakey, yule wa kuchimba mafuvu kule Olduvai, alikuwa binamu yake. Lakini Nigel hakuwa mtu wa mafuvu. Alisomeshwa Bromsgrove, Uingereza, akarudi Kenya, na Vita vya Pili vya Dunia vilipochacha tunamkuta akiwa sajini wa KAR, batalioni ya 1/6. Shika hiyo namba. KAR ya 6 asili yake ilikuwa Tanganyika, na lugha ya jeshi hilo ilikuwa Kiswahili. Mzungu wa Kiganjo alipotaka kusikika na askari wake, ilibidi aongee lugha unayosoma hapa.

Adui alikuwa Mwitaliano, aliyekuwa ameikalia Ethiopia tangu 1936. Kufikia Mei 5, 1941, Haile Selassie alikuwa amesharudi Addis Ababa, na ungedhani mambo yameisha. Wapi! Huko kusini Waitaliano walikuwa bado wanakaza.

Tarehe 19 Mei, KAR walivuka mto Bilate mahali panapoitwa Colito, wakashika kipande cha ng'ambo. Hapo ndipo vifaru vya Waitaliano vilichomoka vichakani ghafla. Askari waliokuwa mbele hawakuwa na silaha ya kusimamisha kifaru. Hebu jiweke hapo: una bunduki ya kawaida, na chuma kinakujia.

Leakey alikuwa upande wa mizinga midogo, ile ya kurusha makombora juu, na makombora yalikuwa yameisha. Angebaki alipo, hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alikimbia, akarukia kifaru kilichokuwa kinatokea nyuma ya wenzake, akafungua kifuniko cha juu kwa nguvu, akaingiza bastola. Alimpiga risasi kamanda na waliokuwa naye, akamwacha dereva peke yake. Dereva akaamrishwa aendeshe hadi mahali pa kujikinga. Ulisoma vizuri: jamaa aliteka kifaru kwa bastola.

Akajaribu kufyatua mzinga wake, ukakataa. Akashuka, akaamua kuvifuata vifaru vilivyobaki kwa miguu, risasi za bombomu zikipita kila upande.

Kuanzia hapo hakuwa peke yake, na ndiyo sababu niliamua kuandika habari hii. Sajini meja Mwafrika wa kombania na askari wengine wawili walitoka naye, wakanyemelea vifaru pamoja. Viwili vya kwanza vikawapita. Leakey akarukia cha tatu, akakifungua, akamuua mmoja wa waliokuwa ndani. Kifaru cha nne kikamwona, kikamimina risasi, akaanguka. Alikuwa na miaka 28. Kaburi lake halijulikani lilipo.

Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, ulitangazwa kwa jina lake Novemba 15, 1945. Vita vilikuwa vimeshaisha. Maelezo rasmi ya nishani hiyo yanasimulia kila hatua aliyopiga, lakini wale watatu yanawataja kwa cheo tu. Sajini meja Mwafrika. Askari. Basi. Simnyang'anyi Leakey hata chembe ya ushujaa wake. Kifaru ni kifaru, na aliyekirukia ni yeye. Lakini hao watatu walikimbia kwenye uwanja ule ule, kuelekea vifaru vile vile, na ukitaka kuwaita huna jina la kuanzia.

(Kwa njia, ndugu yake Rea alikuwa mwanajeshi wa vifaru, akapanda hadi meja jenerali. Mmoja aliviendesha, mwingine aliuawa akivirukia.)

Huku kwetu mlimani mambo hayakuishia hapo. Waruhiu Itote alikuwa KAR pia, akapigana Burma, akarudi nyumbani akiwa hana ardhi wala sauti katika nchi aliyoipigania. Akaingia msituni, akawa Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954. Oktoba mwaka huo huo, Mau Mau walimchukua Gray Leakey, babake Nigel, kutoka shambani kwake karibu na Nyeri, wakamuua mlimani. Mzee huyo alikuwa anakiongea Kikuyu sawasawa. Mlima ni ule ule unaouona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika.

Jina la Nigel limeandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita yaliyo Ngong Road, Nairobi. Siku ukienda mjini, pita ulisome. Na kama kwenu, au kwa ndugu zako upande wa Tanzania, kuna mzee aliyeacha picha akiwa na sare za KAR, uliza alikuwa batalioni gani, na kama aliwahi kutaja mto Bilate.